Elimu ya Daktari Bingwa wa Mizizi ya Meno

Jino linapouma usiku kucha, watu wengi hufikiria jambo moja tu, nalo ni kung'olewa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki fikira hiyo ina sababu zake. Kituo cha afya kilicho karibu aghalabu kina koleo na dawa ya ganzi, lakini hakina vyombo vya kuliokoa jino. Hata hivyo, jino lililougua ndani laweza mara nyingi kutibiwa likabaki kinywani na kuendelea kutafuna kwa miaka mingi. Tiba hiyo huitwa tiba ya mzizi wa jino, na taaluma yake huitwa endodonsia, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya jino".

Kila daktari wa meno hufundishwa misingi ya tiba hiyo. Lakini wako wachache ambao, baada ya kuhitimu udaktari, hurudi masomoni kwa miaka miwili au mitatu ili kujifunza tiba hiyo peke yake. Makala haya yanaeleza mambo wanayojifunza katika miaka hiyo, na kwa nini kazi inayofanyika ndani ya uwazi mwembamba kama uzi huhitaji elimu ndefu kiasi hicho.

JINO LILIVYO NDANI

Kwa kulitazama, jino hufanana na kipande cha jiwe, lakini kwa hakika ni kiungo chenye uhai. Sehemu inayoonekana kinywani imevikwa enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu. Chini ya enameli kuna dentini, na ndani ya dentini kuna nyama laini iitwayo kiini cha jino. Kiini kina mishipa ya damu, neva, na seli zinazojenga dentini. Kimekaa katika chumba kidogo ndani ya kichwa cha jino, kisha huteremka mizizini kwa kupitia mifereji myembamba hadi nchani, ambako mishipa ya damu na neva huingia kutoka katika mfupa wa taya.

Dentini si ukuta ulioziba. Imepenywa na vijibomba vidogo mno. Karibu na kiini, eneo la milimita moja ya mraba huwa na vijibomba zaidi ya 40,000, na kipenyo cha kila kimoja ni kama sehemu mbili tu za elfu za milimita. Bakteria wengi wa kinywani ni wembamba kuliko vijibomba hivyo. Kwa hiyo uozo ukishatoboa enameli, bakteria na sumu zao huwa wamekwisha pata njia ya kuelekea ndani.

Kiini kikishambuliwa huvimba kama sehemu nyingine yoyote ya mwili. Lakini kidole kikivimba ngozi yake hutanuka, ambapo kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, wala hakina mahali pa kutanukia. Kani ya msukumo ndani yake hupanda, damu hupita kwa shida, na mgonjwa hupata maumivu makali ambayo aghalabu huzidi anapolala. Hatimaye kiini hufa. Hapo maumivu yaweza kutulia kwa majuma au miezi, na mgonjwa akadhani kwamba amepona.

Kumbe bakteria wamepata maskani yasiyofikiwa na mlinzi yeyote. Damu haiingii tena ndani ya jino, na chembe nyeupe za damu haziingii. Dawa ya antibiotiki anayomeza mgonjwa nayo husafirishwa na damu, kwa hiyo haifiki huko kwa kiasi cha kutosha. Sumu za bakteria hutokea nchani mwa mzizi, mfupa unaouzunguka hulika, na usaha hujikusanya. Ndiyo sababu vidonge peke yake haviponyi ugonjwa huu. Hapana budi mifereji yenyewe isafishwe, au jino ling'olewe.

CHANZO CHA UGONJWA KILIVYOTHIBITISHWA

Watu walianza kuitibu mizizi ya meno kabla ya kujua hasa adui wao ni nani. Mwaka 1838 Edward Maynard wa Marekani alichukua springi ya saa, akaichonga na kupata kichombo cha kuingiza katika mfereji wa mzizi. Mwaka 1864 Sanford Barnum, naye wa Marekani, alibuni njia ya kulitenga jino kwa kipande cha mpira mwembamba chenye tundu, ili mate yasiliguse wakati wa kazi. Miaka mitatu baadaye G. A. Bowman alianza kuijaza mifereji kwa gutapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki ambao hulainika ukipashwa moto na kukazana ukipoa. Utomvu huo huo ndio uliotumika kufunika waya za simu zilizolazwa chini ya bahari katika karne ya 19, kama ile iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879.

Mwaka 1894 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya utafiti wake mjini Berlin, alieleza kwamba ameona bakteria ndani ya viini vya meno vilivyougua. Mwaka uliofuata Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na baada ya muda mfupi madaktari wakaweza kuuona mzizi uliofichwa ndani ya mfupa.

Lakini maendeleo hayo yalipata kipingamizi kikubwa. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada. Alidai kwamba uchafu uliofichwa chini ya kazi mbovu za meno ndio chanzo cha maradhi mengi ya mwili. Wafuasi wa fikira hiyo walikwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi, hasa Marekani na Uingereza, meno yasiyo na idadi yaling'olewa kwa kushukiwa tu, bila ya ushahidi kwamba ndiyo yaliyoleta ugonjwa wa viungo au wa figo. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa uangalifu zaidi haukuunga mkono zoezi hilo la kung'oa meno kwa wingi.

Jaribio lililoondoa shaka kuhusu chanzo cha ugonjwa wa kiini lilitangazwa mwaka 1965 na Kakehashi, Stanley na Fitzgerald huko Marekani. Walichukua makundi mawili ya panya. Kundi la kwanza lililelewa bila vijidudu vyovyote. La pili lililelewa katika hali ya kawaida. Panya wote walitobolewa meno mpaka kiini kikawa wazi, chakula kikawa kinaingia humo. Katika panya wa kawaida, viini viliungua, vikafa, na majipu yakatokea. Katika panya wasio na vijidudu, viini viliendelea kuishi, na dentini mpya ikaanza kujengwa kuliziba tundu. Tofauti ya makundi hayo ilikuwa moja tu, yaani kuwapo au kutokuwapo kwa vijidudu. Tangu hapo lengo la tiba likawa bayana: kuwaondoa bakteria katika mzizi na kuwazuia wasirudi.

KUZALIWA KWA UBINGWA

Madaktari walioshughulikia tiba hii walikutana Chicago mwaka 1943 wakaunda chama chao. Ilichukua miaka ishirini zaidi mpaka Chama cha Madaktari wa Meno wa Marekani kiitambue endodonsia kuwa tawi la ubingwa, mwaka 1963.

Leo, nchini Marekani, daktari aliyekwisha kupata shahada ya udaktari wa meno hana budi asome kwa muda usiopungua miezi 24 ili awe bingwa wa tawi hili. Uingereza mafunzo hayo huchukua kwa kawaida miaka mitatu. Nchini Tanzania mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na huchukua miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi. Masomo ya uzamili ya kurekebisha meno hutolewa huko huko Muhimbili, na tiba ya mzizi ni sehemu yake.

Mpango wa masomo hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini mambo makuu yanayofundishwa ni manne, kama yanavyoelezwa hapa chini.

1. KULITAMBUA JINO LENYE UGONJWA

Huenda ikadhaniwa kwamba mgonjwa mwenyewe anajua ni jino gani linalomuuma. Mara nyingi hajui. Neva za meno ya juu na ya chini hukutana katika njia moja ya kwenda ubongoni, kwa hiyo gego la chini laweza kuugua na maumivu yakasikika juu, au hata sikioni. Akitibiwa kwa kufuata kidole chake tu, jino zima laweza kutobolewa, na lenye ugonjwa likabaki.

Mwanafunzi wa ubingwa hufundishwa kupima kwa utaratibu. Huligusisha jino kitu cha baridi kali na kusikiliza jibu la mgonjwa: maumivu yanayokoma mara baridi inapoondolewa yana maana moja, na yanayodumu kwa muda mrefu yana maana nyingine, ilhali kukosa jibu kabisa kwaweza kuonyesha kwamba kiini kimekufa. Huligonga jino taratibu, hubonyeza ufizi, husoma picha ya eksirei. Kila kipimo hufanywa pia katika meno ya jirani na ya upande wa pili, kwa kuwa jibu la jino moja halina maana mpaka lilinganishwe na la jino zima.

2. KUIJUA RAMANI YA MIFEREJI

Picha nyingi za vitabuni huonyesha mfereji ulionyooka kama bomba. Walter Hess wa Zürich alionyesha kwamba hali sivyo ilivyo. Alijaza mpira ndani ya meno yaliyong'olewa, akaukaza, kisha akayayeyusha meno yenyewe kwa asidi. Kilichobaki ni umbo la mifereji kwa mpira. Kazi hiyo, aliyoitangaza mwaka 1917, ilihusu meno zaidi ya 2,000, nayo ilidhihirisha mifereji inayopinda, inayogawanyika na kuungana tena, na yenye matawi madogo ya pembeni.

Mfano mzuri ni gego la kwanza la taya la juu. Lina mizizi mitatu, lakini zaidi ya nusu ya magego hayo yana mifereji minne. Mfereji wa nne una mdomo mdogo sana, na mara nyingi umefunikwa na ukingo wa dentini. Daktari akitibu mitatu na kuuacha wa nne, bakteria waliobaki humo waweza kuirudisha ahali ya ugonjwa katika hali yake ya kwanza, ingawa kazi ionekane safi kwa nje. Kwa ajili hiyo matumizi ya hadubini ya upasuaji yamekuwa ni lazima katika mafunzo ya ubingwa huko Marekani tangu mwaka 1998.

Katika maabara, mwanafunzi hulifanya jino lililong'olewa liwe angavu ili alichunguze. Hulilaza katika asidi hafifu iondoe madini, akalikausha maji kwa alkoholi, kisha akalitia katika mafuta ya methili salisilati. Jino huwa kama kioo, na wino uliotiwa ndani huonyesha kila tawi la mfereji. Mwalimu wa sekondari anaweza kuonyesha hatua ya kwanza kwa njia rahisi: mfupa mwembamba wa kuku ukilowekwa katika siki kwa juma moja hivi, huku siki ikibadilishwa, hupoteza madini yake na kuanza kupindika.

3. KUPIMA, KUSAFISHA NA KUZIBA

Mfereji husafishwa kwa tupa nyembamba sana. Zamani kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake. Mwaka 1958 John Ingle wa Marekani alipendekeza viwe vya namna moja, na mapendekezo hayo ndiyo msingi wa vipimo vya kimataifa vinavyotumika. Namba ya tupa huonyesha kipenyo cha ncha yake katika sehemu za mia za milimita, na tupa ya kawaida hunenepa kwa milimita 0.02 katika kila milimita moja ya urefu. Hivyo tupa Na. 25 ina kipenyo cha milimita 0.25 nchani, na pale yanapokoma makali yake, milimita 16 kutoka nchani, kipenyo ni:

0.25 + (16 × 0.02) = milimita 0.57.

Tupa za chuma cha pua zikinenepa huwa ngumu kupinda, na katika mfereji uliopinda zaweza kuchimba njia yake zenyewe mpaka zitoboe ukuta wa mzizi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walitangaza tupa iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titaniamu, ambayo hupinda kwa urahisi na kurudi katika umbo lake. Hata hiyo huchoka na kuvunjika ikitumiwa vibaya, na kutoa kipande kilichovunjika ndani ya mzizi ni mojawapo ya kazi ambazo mwanafunzi wa ubingwa hana budi azijue.

Urefu wa kazi nao hupimwa. Daktari akiishia mbali na ncha, bakteria hubaki. Akipita, huumiza mfupa. Mwaka 1962 Sunada wa Japani alionyesha kwamba ukinzani wa umeme kati ya tupa iliyofika nchani mwa mzizi na ngozi laini ya kinywa ni karibu sawa kwa watu wote, kiasi cha omu 6,500. Kwa kutumia ukweli huo wa fizikia vilibuniwa vipimo vya umeme vinavyoonyesha tupa ilipofika. Eksirei hutumika pamoja navyo kuhakikisha.

Tupa peke yake haifiki katika matawi yote. Kwa hiyo mfereji huoshwa kwa sodiamu hipokloraiti, kemikali ile ile iliyomo katika dawa za kung'arisha nguo, iliyopimwa na kutayarishwa kwa kazi hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Henry Dakin aliitumia kwa nguvu ya asilimia 0.5 kuoshea majeraha. Huua bakteria na kuyeyusha nyama iliyokufa. Lakini ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, huunguza nyama iliyo hai na uso wa mgonjwa huvimba ghafla. Mkono wa daktari hufunzwa kuisukuma polepole, na jino hutengwa kwa mpira ili dawa isimwagike kinywani. Mwishoni mfereji uliokauka huzibwa kwa gutapecha na saruji yake, na kichwa cha jino hujengwa upya, mara nyingi kwa kuvikwa kofia.

4. KUAMUA

Jambo la nne ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuamua lifanywe nini, na pengine kutofanya lolote. Mathalani, aletwe mtoto wa miaka minane ambaye gego lake la kwanza la kudumu limeoza mpaka kiini kikaonekana. Gego hilo huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni jino la utotoni, na husema ling'olewe kwa kuwa litaota jingine. Halioti jingine.

Mizizi ya gego hilo hukamilika miaka kama mitatu baada ya jino kuota. Kwa mtoto huyu ncha za mizizi bado ziko wazi na kuta zake ni nyembamba. Daktari akiondoa kiini chote, mizizi itabaki hivyo hivyo dhaifu na yaweza kuvunjika siku za mbele. Ikiwa sehemu ya kiini iliyomo mizizini bado ni hai, tiba bora ni kuondoa ile ya juu tu iliyougua, kufunika iliyobaki kwa dawa ifaayo, na kuuacha mwili umalize ujenzi wake. Mwenye kujua kusafisha mifereji tu angeisafisha. Aliyefunzwa kupima hali ya kiini hujizuia.

Kinyume chake pia ni kweli. Jino lililopasuka hadi chini ya mzizi, au ambalo halina sehemu ya kutosha kujengwa juu yake, ni bora ling'olewe, na bingwa wa kweli humwambia mgonjwa hivyo kabla ya kuchukua fedha zake. Ili wanafunzi wajifunze matokeo ya maamuzi yao, hutakiwa kuwaita tena wagonjwa baada ya mwaka mmoja, na ikiwa mfupa haujapona vizuri, kuendelea kuwachunguza hadi miaka minne. Picha za mwanzo na za baadaye huwekwa pamoja na kujadiliwa mbele ya walimu. Nchini Marekani, anayetaka kuthibitishwa na bodi ya ubingwa hufanya mtihani wa kuandika, huwasilisha kumbukumbu za wagonjwa aliowatibu, na huhojiwa ana kwa ana.

FAIDA YAKE KWA JAMII

Haimpasi kila mgonjwa kumwona bingwa. Mizizi iliyonyooka, hasa ya meno ya mbele, hutibiwa vyema na daktari wa kawaida mwenye vyombo na subira. Bingwa anahitajika kwa mizizi iliyopinda au kuziba, kwa tiba iliyoshindikana, kwa meno yaliyovunjika ajalini, na kwa upasuaji wa ncha ya mzizi. Anahitajika zaidi kama mwalimu, kwani bingwa mmoja katika chuo huwafunza madaktari wengi watakaotawanyika mikoani.

Hata hivyo, hakuna ubingwa unaoweza kumtibu mtu asiyefika. Uozo uliotambuliwa ungali katika enameli au dentini huzibwa kwa kazi ya muda mfupi. Ukiachwa ufike katika kiini, huhitaji saa kadhaa za kazi na gharama kubwa. Ukiachwa zaidi, koleo ndilo linalobaki. Mwanafunzi anayeyajua hayo anaweza kumwambia mzazi wake kwamba gego la mdogo wake wa miaka saba ni la kudumu, na kwamba jino lililoacha kuuma bila tiba bado linastahili kuchunguzwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini antibiotiki ya kumeza haiwezi peke yake kuponya jino ambalo kiini chake kimekufa.

2. Tupa ya kawaida ni Na. 30. Tafuta kipenyo chake mahali palipo milimita 10 kutoka nchani.

3. Katika jaribio la mwaka 1965, kwa nini watafiti walihitaji makundi mawili ya panya? Wangeweza kusema nini kama wangetumia kundi moja tu?

4. Mtoto wa miaka minane na mtu mzima wa miaka arobaini wana gego la kwanza lililooza hadi kwenye kiini. Jadili kwa nini tiba zao huenda zisifanane.